Nimeweka y kila penye neno EFI, mbona mashine inakataa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Tanga, narekodi muziki nyumbani kwa laptopu ya mtumba. Sauti ilikuwa ikikatikakatika nikirekodi, nikashauriwa nijenge mwenyewe kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux 6.12 yenye PREEMPT_RT, chaguo la kuifanya iitikie kwa wakati. Nimeijenga, na kukatika kumeisha. Sasa kuna mawili. Kwanza, efibootmgr, programu ya kupanga orodha ya kuwashia, iliyokuwa ikifanya kazi vizuri na kerneli ya mwanzo, inanijibu: "EFI variables are not supported on this system." Pili, nilinakili bzImage (faili la kerneli yenyewe) kwenye flashi kwa jina la EFI/BOOT/BOOTX64.EFI ili niiwashe bila GRUB, programu ya kuwashia mfumo, lakini skrini inabaki nyeusi tii. Kwenye menuconfig, menyu ya kuchagua vipengele vya kerneli, niliweka y (ndiyo) kila nilipoona neno EFI. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Jibu la lile la kwanza ni kwamba umewasha chaguo ambalo kazi yake ni kuzima. Katika orodha ile mna mstari unaoitwa EFI_DISABLE_RUNTIME, nawe ukauwekea y kama wenzake. Na hata usingeugusa ungejiwekea y wenyewe, kwa sababu ukichagua PREEMPT_RT hiyo ndiyo thamani yake ya kuanzia. Kwa hiyo hujaharibu kitu. Umebanwa na jina tu, na jina hilo la EFI limewabana wengi kabla yako, nikiwemo mimi.

EFI kwa asili ni utaratibu wa mfumo kuzungumza na programu dhibiti ya mashine, lakini tatizo la jina hili ni kwamba limebandikwa kwenye kazi tatu zisizofanana. Ya kwanza ni namna kerneli inavyoingia: mashine inapowashwa, programu dhibiti iliyo kwenye chipu ya ubao mama ndiyo inayoamka kwanza, inatafuta faili la kuendesha kwenye diski, inalipakia na kulikabidhi usukani. Ya pili ni mazungumzo ya baadaye: kerneli ikishatawala, bado inaweza kurudi kuiuliza programu dhibiti mambo machache, kama kusoma na kuandika vigeu vilivyohifadhiwa kwenye chipu, kusoma saa, au kuzima mashine. Ya tatu ni jinsi diski ilivyogawanywa, na hiyo haihusiani na programu dhibiti hata kidogo. Kerneli inaweza kuwa na moja ikakosa nyingine. Yako imeingia kwa EFI vizuri kabisa, halafu ikafungiwa simu.

Tusikisie, tuangalie. Ukiwa ndani ya kerneli yako mpya, andika:

ls /sys/firmware/efi
cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size
ls /sys/firmware/efi/efivars | wc -l

Kama folda /sys/firmware/efi haipo kabisa, basi ama mashine iliwashwa kwa njia ya kizamani ya BIOS, ama kerneli haina CONFIG_EFI. Hapo usihangaike na kerneli kabla hujaingia kwenye mipangilio ya mashine na kutazama kama kile kinachoitwa CSM au Legacy kimewashwa. Kwenye laptopu za mtumba mara nyingi utakikuta kimewashwa, kwa kuwa aliyezisafisha alitaka aweke Windows ya zamani. Folda ikiwepo lakini efivars ikawa tupu, namba ikitoka 0, uko pale ninapodhani upo: mlango wa kuingilia ulifunguka, simu haipo. Lakini kabla hujalia na EFI_DISABLE_RUNTIME hakikisha pia kwamba efivars imepachikwa. Chaguo la EFIVAR_FS linaweza kujengwa kama moduli, yaani kipande cha kerneli kinachopakiwa baadaye, na ukisahau make modules_install moduli haitapatikana. Jaribu:

mount -t efivarfs efivarfs /sys/firmware/efi/efivars

Ikikataa, tazama kumbukumbu za kerneli kwa dmesg | grep -i efi. Huenda ukakuta mstari unaosema wazi kwamba huduma za EFI za wakati wa kazi zitazimwa. Ukiuona, kesi imekwisha.

Kwa nini waliotengeneza kerneli wamezima kitu chenye manufaa? Sababu yao ndiyo ileile iliyokutoa kwenye kerneli ya kawaida. Kerneli inapoita huduma ya EFI, inaukabidhi uzi mzima wa kazi kwa msimbo ulioandikwa na mtengenezaji wa mashine, msimbo usioweza kukatizwa wala kuharakishwa. Vipimo vilionyesha kwamba baadhi ya miito hiyo huchukua muda mrefu mno kurudi. Kwa mtu anayeandika barua hilo si kitu. Kwa wewe unayetaka kila kipande cha sauti kifike kwa wakati wake, mwito mmoja wa kuandika kigeu katikati ya ubeti unatosha kuuharibu. PREEMPT_RT ilikaa nje ya kerneli kuu miaka kama 20, ikaingizwa rasmi katika 6.12 iliyotoka Novemba 2024, na hao waliohangaika nayo muda wote huo hawakuwa tayari kuona kazi yao inakwamishwa na chipu wasiyoweza kuirekebisha.

Kwa hiyo ushauri wangu: usilizime chaguo hilo. Liache y. Siku ukihitaji efibootmgr, na kwa kawaida utaihitaji mara moja kwa miezi, washa mashine, kwenye GRUB bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza

efi=runtime

kisha bonyeza Ctrl na x. Mara hiyo moja kerneli itafungua simu, utafanya kazi yako, na ukiwasha tena kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Kama unaona hilo ni usumbufu, liondoe kwenye menuconfig. Liko chini ya Device Drivers, kisha Firmware Drivers, kisha sehemu ya EFI. Ila usije ukanilaumu sauti ikikwaruza.

Ukishafungua, kuna kitu kidogo napenda kila mtu akione kwa macho yake mara moja, kwa sababu kinaondoa uchawi wote kwenye neno "vigeu". Ingia /sys/firmware/efi/efivars uandike:

hexdump -C SecureBoot-8be4df61-93ca-11d2-aa0d-00e098032b8c

Utapata baiti tano tu: 06 00 00 00 00. Nne za mwanzo ni sifa za kigeu. Sita hapo ni mbili kujumlisha nne: mbili maana yake kinasomeka kabla mfumo haujaanza, nne maana yake kinasomeka pia baada ya mfumo kuanza. Baiti ya tano ndiyo thamani yenyewe, na 00 inasema Secure Boot, ulinzi unaokubali programu zenye saini tu, imezimwa. Ikiwa kwako ni 01, shughuli ya kuwasha kwa flashi ingekwama hapohapo: programu dhibiti ingeikataa kerneli yako isiyo na saini, na kwa kawaida huonyesha ujumbe wa kukataa. Wewe umepata skrini nyeusi isiyosema kitu, kwa hiyo nadhani kwako ni 00, lakini thibitisha.

Sasa tuje kwenye hiyo skrini nyeusi, maana hapa ndipo penye somo refu.

Chaguo lililokuwezesha hata kujaribu jambo hilo ni EFI_STUB. Likiwa y, bzImage inavaa kichwa cha faili la kuendeshwa, la aina ileile programu dhibiti inayoifahamu. Andika head -c 2 bzImage na utaona herufi mbili: MZ. Ni herufi za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft wa enzi za DOS, na kwa mzaha wa historia zimekaa leo mwanzoni mwa kerneli ya Linux. Ukiziona hizo ujue faili liko sawa. Usipoziona, EFI_STUB haikuwemo, na flashi yako isingewaka hata siku moja.

Tuseme MZ ipo. Kerneli ilipakiwa, ikaanza. Halafu? GRUB ilipokuwa ikiiwasha, iliipa mkononi vitu viwili ambavyo flashi haikuipa: mstari wa vigezo, wenye root= inayosema mfumo uko diski gani, na initrd, lile furushi la moduli za kuanzia. Faili lililoitwa BOOTX64.EFI linawashwa tu, bila vigezo vyovyote. Kerneli yako iliamka, ikauliza "nyumbani ni wapi?", hakuna aliyejibu, ikaanguka na ujumbe unaojulikana sana: "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Tatizo ni kwamba hukuuona.

Unaweza kuuthibitisha uangukaji huo bila skrini. Washa tena kwa flashi, ngoja nusu dakika, kisha itazame taa ya Caps Lock. Kwenye laptopu nyingi kerneli ikianguka huifanya taa hiyo ipepese bila kukoma. Ikipepesa, kerneli ilifika mbali na skrini ndiyo iliyokosa kazi. Ikiwa imetulia, bonyeza Caps Lock yenyewe uone kama taa inabadilika. Ikibadilika, kerneli ingali hai na inasubiri kitu.

Kwa nini hukuuona ujumbe? Hapa pana mtego mwingine wa jina. Najua uliwasha FB_EFI, kwa kuwa ina EFI ndani yake. Ilikuwa draiva nzuri ya kuandikia maandishi kwenye skrini aliyoiacha programu dhibiti. Lakini kama pia SYSFB_SIMPLEFB ni y, na kwenye mipangilio ya leo mingi huwa hivyo, kerneli haikabidhi skrini kwa FB_EFI tena. Inaitangaza kama skrini sahili na kungojea draiva nyingine iichukue, nayo ni DRM_SIMPLEDRM. Hiyo haina neno EFI, kwa hiyo uliipita. Matokeo yake skrini ikakosa mwenyewe: aliye tayari hakupewa, na aliyepaswa kupewa hayupo. Ulipotumia GRUB hukuona shida kwa sababu baadaye draiva kamili ya kadi ya picha, i915 kama ni Intel, ilitoka kwenye initrd au kwenye diski na kuichukua. Bila initrd na bila diski, haikufika.

Basi weka DRM_SIMPLEDRM=y (iko chini ya Graphics support), na uhakikishe FRAMEBUFFER_CONSOLE na DRM_FBDEV_EMULATION nazo ni y. Draiva kubwa ya picha iache kama moduli, itakuja wakati wake. Fanya hili kwanza kabla ya yote. Kutengeneza kerneli usiyoiona ni kama kufunga redio gizani: unaweza, lakini kwa nini?

Baada ya hapo ndipo uipe mstari wa vigezo. Kwenye Processor type and features kuna Built-in kernel command line. Iwashe, uandike kitu kama hiki:

root=PARTUUID=namba-ya-patisheni-yako rootfstype=ext4 rootwait ro

Namba utaipata kwa lsblk -o NAME,PARTUUID,FSTYPE. Angalia sana: ni PARTUUID, si UUID. Kerneli yenyewe inaijua namba ya patisheni, kwa sababu imeandikwa kwenye jedwali la diski. UUID ya mfumo wa mafaili inasomwa na programu zilizo ndani ya initrd, na wewe huna initrd hapa. Nimeona watu wazima wakizunguka siku mbili kwenye tofauti ya herufi nne hizo. Neno rootwait linaiambia kerneli isikate tamaa diski ikichelewa kujitokeza.

Na kwa kuwa huna initrd, kila kinachohitajika kuifikia diski lazima kiwe y, si m (moduli): BLK_DEV_NVME kama diski ni NVMe, au SATA_AHCI pamoja na BLK_DEV_SD kama ni SATA, na EXT4_FS. Moduli iliyohifadhiwa ndani ya diski haiwezi kufungua diski hiyohiyo. Ni ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Vilevile EFI_PARTITION lazima iwe y. Hii ndiyo ile kazi ya tatu niliyokutajia mwanzo. Licha ya jina lake, inahusu GPT tu, aina ya jedwali la patisheni za diski, na mwenye mashine ya BIOS yenye diski ya GPT anaihitaji sawasawa na wewe. Kwa kawaida ni y tayari, na haionekani mpaka uwashe Advanced partition selection, ndiyo maana wengine hudhani haipo.

Yapo mengine yasiyo na jina la EFI ambayo bila hayo EFI haikufai. ACPI, ya kusimamia umeme na vifaa vya mashine, kwa mfano: kwenye mashine za x86 ukiizima, CONFIG_EFI yenyewe inatoweka kwenye menyu. VFAT_FS na NLS_CODEPAGE_437 na NLS_ISO8859_1, kwa sababu patisheni ya EFI ni ya FAT, na siku ukitaka kuipachika ili uweke kerneli mpya, utakwama kwa kukosa jedwali la herufi.

Hilo la EFI_MIXED liondoe. Limewekwa kwa mashine chache zenye prosesa ya biti 64 lakini programu dhibiti ya biti 32, kama baadhi ya tableti za Intel Atom za miaka ya 2013 na 2014 na Mac za mwanzo za Intel. Fw_platform_size uliyoisoma juu ikisema 64, halikuhusu.

Flashi ikishawaka, hatua ya kuhamia diski ya ndani ni fupi. Nakili bzImage kwenye patisheni ya EFI, tuseme EFI/Linux/studio.efi, kisha ukiwa umewasha kwa efi=runtime:

efibootmgr --create --disk /dev/nvme0n1 --part 1 --label "Studio" --loader '\EFI\Linux\studio.efi'

Hizo alama za nukuu moja zisikuponyoke. Mikwaju ile imelala kinyume, na ganda la Linux (shell) huimeza usipoifunga. Mimi niliwahi kukaa na mashine ya mteja mpaka adhana ya alfajiri, nikiwa na ingizo lililoitwa EFILinuxkerneli.efi, jina la faili ambalo halikuwahi kuwepo duniani. Efibootmgr haikulalamika, kazi yake ni kuandika, si kukagua. Kila ukimaliza andika efibootmgr -v, usome njia kama ilivyohifadhiwa.

Mwisho, jambo la usalama, na hili usilipuuze kwa sababu mashine ni ya mtumba na ubao wake hauna mbadala dukani. Vigeu vile si mafaili ya kuchezea ingawa vinaonekana kama mafaili. Mnamo 2016 ilijulikana wazi kwamba rm -rf iliyopitia kwenye efivars inaweza kufuta vigeu ambavyo baadhi ya mashine haziwezi kuamka bila hivyo. Laptopu ikageuka kuwa kibao cha kukatia mboga. Tangu kerneli 4.5 vigeu vingi vinalindwa visifutike mpaka uondoe ulinzi kwa chattr -i. Mtu akikuelekeza kwenye intaneti uanze na chattr -i ndani ya folda hiyo, funga ukurasa huo. Tena chipu ikijaa nayo ni hatari, ndiyo maana kwenye x86 kerneli hukataa kuandika ikiona nafasi iliyobaki itashuka chini ya baiti 5,120.

Kwa sababu hiyohiyo itazame EFI_VARS_PSTORE, ambayo bila shaka uliiwasha pia. Kazi yake ni kuandika kumbukumbu za kuanguka kwa kerneli ndani ya chipu hiyo. Kwa mtu anayejifunza kujenga kerneli, na ambaye zitaanguka nyingi, kila anguko ni vipande kadhaa vya maandishi kwenye hifadhi ndogo. Kwa sasa haiandiki kitu kwa kuwa huduma zimezimwa, lakini siku utakapowasha kwa efi=runtime inaweza kuamka nayo. Iondoe, au uiache na uhakikishe EFI_VARS_PSTORE_DEFAULT_DISABLE ni y. Naam, hilo nalo lina EFI, na nalo linazima.

Kabla hujajenga upya, usifute kerneli ya mwanzo kwenye GRUB, wala usiliondoe ingizo la GRUB kwenye efibootmgr. Ingizo la "Studio" likikwama, shika kitufe cha menyu ya kuwashia, F12 kwenye laptopu nyingi na F9 au Esc kwenye nyingine, uchague la zamani. Ukijenga, niandikie kilichotoka kwenye dmesg | grep -i efi, na kama taa ya Caps Lock ilipepesa au haikupepesa.